RAIS ASIYEPIGIWA KURA: JINSI NCHI YA BOTSWANA INAVYOTAWALIWA

Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Muhula uliopita chama chetu cha mdahalo kilijadili hoja isemayo, "Nchi ambayo raia hawampigii kura Rais wao haistahili kuitwa nchi ya kidemokrasia." Mimi nilikuwa msemaji mkuu wa upande wa kukubali. Nilisema kwa sauti kubwa, nikapiga meza, nikashangiliwa, nikaketi huku nikijiona nimekwisha shinda. Ndipo akasimama mdogo wetu mmoja wa Kidato cha Pili, akauliza kwa upole, "Kaka msemaji, je, watu wa Botswana humpigia kura Rais wao?" Nikajibu upesi, "Bila shaka humpigia." Watu wakacheka, naye akaketi.

Jibu langu halikuwa la kweli. Mwalimu wetu wa Uraia hakunikemea mbele ya watu, bali aliniita siku ya pili akaniambia niende maktaba nikasome mpaka niweze kumjibu yule mdogo wangu kwa haki. Nimesoma muhula mzima. Haya ninayoyaandika ndiyo jibu lake, nami natumaini yatawafaa na wasomaji wengine, hasa sisi tunaojiandaa kwa mtihani.

Nchi yenyewe

Botswana iko kusini mwa Afrika, nayo haina pwani. Imepakana na Afrika Kusini, Namibia, Zimbabwe na Zambia. Ukubwa wake ni kilomita za mraba zipatazo 582,000, yaani karibu sawa na Kenya. Lakini sehemu kubwa ni jangwa la Kalahari, na watu wake ni wachache mno. Hesabu ya watu ya mwaka 2022 ilionyesha watu milioni 2 na laki 3 na ushei. Idadi hiyo haifiki hata nusu ya wakazi wa Mkoa wa Dar es Salaam. Mvua ni adimu kiasi kwamba neno lao la mvua, "pula", ndilo jina la fedha yao na ndilo neno wanaloitikia mikutanoni kwa kutakiana heri.

Zamani nchi hiyo iliitwa Bechuanaland. Tangu mwaka 1885 ilikuwa chini ya ulinzi wa Uingereza. Mwaka 1895 ilikaribia kukabidhiwa kampuni ya Cecil Rhodes, yule tajiri aliyetaka ardhi yote ya kusini. Machifu watatu, Khama wa Tatu, Sebele wa Kwanza na Bathoen wa Kwanza, walisafiri mpaka Uingereza kumwona Waziri wa Makoloni, Joseph Chamberlain, na kupinga jambo hilo. Walizunguka mijini wakieleza shida yao makanisani na katika mikutano, hata wakapata watu wengi wa kuwatetea. Walikubali kutoa ukanda wa ardhi kwa ajili ya reli, lakini nchi yao haikutiwa mikononi mwa kampuni.

Nchi ilipata uhuru tarehe 30 Septemba 1966. Ilikuwa maskini sana. Barabara za lami zilikuwa kama kilomita 12 tu. Hata makao ya serikali ya kikoloni yalikuwa Mafeking, mji ulio nje ya mipaka, ndani ya Afrika Kusini. Ikabidi mji mkuu mpya, Gaborone, ujengwe karibu na wakati wa uhuru.

Kgotla, baraza la wote

Huwezi kuifahamu serikali ya Botswana bila kujua kgotla. Hili ni baraza la kijiji au la kabila, na mahali pake huitwa kwa jina hilo hilo: uwanja wenye uzio wa magogo uliopinda kama mwezi mchanga, mara nyingi chini ya miti ya kivuli. Chifu, ambaye kwa lugha yao huitwa kgosi, na wengi wao dikgosi, huketi hapo na wazee wake. Jambo huletwa, na kila mwenye neno husema. Chifu husikiliza na kusema mwisho, akikusanya yale aliyoyasikia na kutoa uamuzi. Watswana wana methali isemayo, "Kgosi ke kgosi ka morafe," maana yake chifu ni chifu kwa sababu ya watu wake.

Lakini tusilipambe baraza hili kupita kiasi. Zamani wanawake na vijana hawakuwa na sauti humo, na watu wa makabila madogo walikuwa na sauti ndogo zaidi. Mambo yamebadilika polepole. Mosadi Seboko wa kabila la Balete alikuwa mwanamke wa kwanza kuwa chifu mkuu wa kabila nchini humo, aliposhika nafasi hiyo mwanzoni mwa miaka ya 2000.

Hata leo Waziri akiwa na mpango wa kuwapasha wananchi, huenda kgotla akaueleza, na watu humwuliza na kumlaumu hadharani. Vyama vya siasa haviruhusiwi kufanyia kampeni zao hapo. Vyama vina viwanja vingine vya mikutano ya hadhara, na kgotla ni ya watu wote.

Rais hupatikanaje?

Hapa ndipo nilipokosea, basi nitaeleza taratibu.

Katika uchaguzi mkuu, unaofanywa kila baada ya miaka mitano, raia mwenye umri wa miaka 18 au zaidi humpigia kura mbunge wa jimbo lake, pamoja na diwani wake. Hapewi karatasi ya kumchagua Rais. Lakini kila mgombea ubunge hutangaza kabla ya uchaguzi kwamba anamuunga mkono mgombea fulani wa urais. Tuseme katika jimbo fulani wapo wagombea watatu, wa Chama A, Chama B na Chama C. Mpiga kura anapomchagua mtu wa Chama B, anajua kwamba kura hiyo inamsogeza mbele mgombea urais wa Chama B. Kura ni moja, kazi zake ni mbili.

Majimbo sasa ni 61. Mgombea urais ambaye wabunge wanaomuunga mkono wameshinda zaidi ya nusu ya majimbo, yaani 31 au zaidi, hutangazwa na Jaji Mkuu kuwa Rais. Kisha Rais huyo huwa mjumbe wa Bunge: anaweza kuhudhuria, kusema na kupiga kura. Makamu wa Rais na Mawaziri huwachagua miongoni mwa wabunge. Bunge likipitisha azimio la kutokuwa na imani na Serikali, ama Rais ajiuzulu, ama Bunge livunjwe na watu warudi kupiga kura.

Kwa hiyo utaratibu huu una sura mbili. Namna ya kumpata mkuu wa serikali inafanana na ile ya Uingereza, ambako Waziri Mkuu hutokana na wabunge. Lakini mtu huyo akishapatikana, anakuwa mkuu wa nchi na mkuu wa serikali kwa pamoja, kama Rais wa nchi nyingine za Afrika. Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 1997, hawezi kushika madaraka zaidi ya miaka 10 kwa jumla.

Machifu na Bunge

Huku Tanganyika madaraka ya machifu katika utawala yalikomeshwa mwaka 1963. Botswana ilichukua njia nyingine. Machifu walibaki, lakini nguvu zao zilipunguzwa. Lipo Baraza la Machifu, liitwalo Ntlo ya Dikgosi, ambalo hutoa ushauri juu ya mambo ya mila, mahakama za kimila na mali za makabila. Muswada unaogusa mambo hayo hupelekwa kwao kwanza. Lakini baraza hilo haliwezi kutunga sheria wala kuukataa muswada. Bunge likitaka, laweza kuendelea.

Jambo kubwa zaidi lilihusu madini. Rais wa kwanza, Seretse Khama, alizaliwa mwaka 1921 katika ukoo wa machifu wa Bamangwato, naye ni mjukuu wa yule Khama wa Tatu. Alipomwoa Ruth Williams, mwanamke Mwingereza, mwaka 1948, kulizuka mzozo mkubwa, na Waingereza wakamzuia kukaa nchini kwake. Aliruhusiwa kurudi mwaka 1956 kama raia wa kawaida, baada ya kuacha haki yake ya uchifu. Chama chake, BDP, kilishinda uchaguzi wa kwanza wa mwaka 1965 kwa kupata viti 28 kati ya 31.

Mwaka 1967 ilitungwa sheria ya kuyahamisha madini kutoka mikononi mwa makabila na kuyafanya mali ya taifa zima. Mwaka huo huo almasi ziligunduliwa Orapa, katika eneo la Bamangwato, watu wa Seretse mwenyewe. Kama madini yangebaki mali ya kabila, watu wake wangekuwa matajiri na makabila mengine yangebaki na mchanga. Mgodi ulipofunguliwa mwaka 1971, mapato ya serikali yaliingia katika mfuko wa nchi nzima, yakasaidia kujenga shule, hospitali na barabara.

Jaribio la mwaka 1969

Nilipokuwa nikisoma nilikutana na kisa kinachoonyesha vizuri utaratibu huu unavyofanya kazi. Chifu Bathoen wa Pili wa Bangwaketse hakupendezwa na kupungua kwa madaraka ya machifu. Chifu haruhusiwi kuwa mwanasiasa wa chama. Kwa hiyo mwaka 1969 aliacha uchifu, akaingia upande wa upinzani, akagombea ubunge Kanye Kusini. Mpinzani wake hakuwa mtu mdogo. Alikuwa Makamu wa Rais, Quett Masire. Bathoen akamshinda.

Hapo twaona mambo mawili. Kwanza, Makamu wa Rais mzima aliangushwa na wapiga kura wa kijijini, na hakuna aliyefuta uchaguzi huo. Pili, Masire hakukaa nje ya Bunge. Katiba inaruhusu viti vichache vya wabunge wanaochaguliwa na Bunge lenyewe, wakati ule vinne na sasa sita. Chama chake kilikuwa na wabunge wengi, kikamrudisha kwa njia hiyo, akaendelea kuwa Makamu wa Rais. Seretse alipofariki mwaka 1980, Masire ndiye aliyekuwa Rais. Basi mlango wa mbele ulifungwa na wananchi, na mlango wa nyuma ukafunguliwa na chama. Nimeandika hivyo kwa sababu nataka kuwa mwadilifu: utaratibu huu una sifa zake na una kasoro zake.

Mahakama

Mahakama zina nguvu ya kuizuia Serikali. Nitatoa mifano miwili.

Mwanasheria mmoja mwanamke, Unity Dow, alikuwa ameolewa na mgeni. Sheria ya uraia ya wakati ule ilisema mtoto wa mwanamume wa Botswana aliyeoa mgeni ni raia, lakini mtoto wa mwanamke wa Botswana aliyeolewa na mgeni si raia. Unity Dow aliishtaki Serikali. Mahakama Kuu ilimpa haki mwaka 1991, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha mwaka 1992. Mwaka 1995 sheria ikarekebishwa. Baadaye yeye mwenyewe akawa mwanamke wa kwanza kuwa jaji wa Mahakama Kuu.

Mfano wa pili una uchungu. Wasan, ambao Watswana huwaita Basarwa, ni wakazi wa tangu kale wa Kalahari. Mwaka 1997, na tena mwaka 2002, Serikali iliwahamisha wengi wao kutoka katika hifadhi ya Kalahari ya Kati. Walikwenda mahakamani, na Desemba 2006 Mahakama Kuu ikaamua kwamba kuwaondoa kulikuwa kinyume cha sheria. Lakini Serikali ilishikilia kwamba hukumu iliwahusu wale tu walioorodheshwa katika shauri, na wengine wakatakiwa kuomba kibali ili waingie katika nchi ya baba zao. Kwa hiyo kushinda shauri ni jambo moja, na kupata haki yote ni jambo jingine.

Kasoro mbili

Kasoro ya kwanza ni ya kurithi kiti. Rais akiondoka kabla ya uchaguzi, Makamu wake huingia moja kwa moja. Masire aliondoka mwaka 1998 na Makamu wake Festus Mogae akaingia. Mogae aliondoka 2008, akaingia Ian Khama, mwana wa Seretse. Khama aliondoka 2018, akaingia Mokgweetsi Masisi. Kila mara ilikuwa zaidi ya mwaka mmoja kabla ya uchaguzi mkuu, hata uchaguzi ulipofika Rais mpya alikuwa amekwisha keti vizuri.

Kasoro ya pili ni hesabu ya viti. Kwa kuwa mshindi wa jimbo ni yule mwenye kura nyingi kuliko mwenzake mmoja mmoja, hata kama hazifiki nusu, chama chaweza kupata viti vingi kwa kura chache. Mwaka 2014 BDP ilipata viti 37 kati ya 57, ingawa zaidi ya nusu ya wapiga kura walichagua vyama vingine. Wapinzani walikuwa wamegawanyika, na mgawanyiko wao ukawa faida ya chama tawala.

Mwaka 2024

Kwa miaka 58 chama kimoja kilitawala. Uchaguzi ulifanywa kila wakati wake, lakini swali moja lilikuwa halijajibiwa: je, chama hicho kikishindwa, kitaondoka? Mtu aweza kusifiwa kwa kukubali matokeo maadamu yeye ndiye mshindi wa siku zote.

Mauzo ya almasi yalikuwa yameshuka, na vijana wengi hawakuwa na kazi. Wananchi walipiga kura Jumatano, tarehe 30 Oktoba 2024. Muungano wa upinzani uitwao UDC, chini ya mwanasheria Duma Boko ambaye alikwisha jaribu na kushindwa mwaka 2014 na 2019, ulipata viti 36. Chama cha BCP kilipata 15, BPF 5, na mgombea binafsi mmoja. BDP, chama cha Seretse, kilipata viti 4 tu.

Tazameni sasa ile kasoro ya pili ilivyogeuka. BDP ilikuwa ya pili kwa wingi wa kura, ikiwa na karibu kura tatu katika kila kumi, lakini kwa viti ikawa ya nne. Kipimo kile kile kilichoifaidi mwaka 2014 ndicho kilichoiumiza mwaka 2024.

Ijumaa, tarehe 1 Novemba, kabla matokeo yote hayajatangazwa, Rais Masisi alimpigia simu Boko, akampongeza, akawaambia wananchi kwamba amekubali kushindwa. Siku hiyo hiyo Boko akaapishwa kuwa Rais wa sita. Kutoka siku ya kura hadi kiapo zilipita siku mbili.

Jibu langu

Basi mdogo wangu wa Kidato cha Pili, jibu ni hili. La, watu wa Botswana hawampigii kura Rais wao kwa karatasi yake mwenyewe. Humpata kwa njia ya wabunge wao. Nilikosea nilipokujibu, na nilikosea zaidi nilipowaacha watu wakucheka.

Kuhusu hoja yenyewe, sasa naona tuliuliza swali lisilotosha. Tulitazama namna mtawala anavyoingia tu. Yapasa kuuliza pia kama wanaotawaliwa wanaweza kumtoa, na kama akiambiwa toka atatoka. Zipo nchi ambazo Rais hupigiwa kura na raia wote, lakini akishindwa hubaki pale pale. Botswana ilijibu swali la pili mwaka 2024. Lakini kasoro nilizozitaja bado zipo, na Wasan hawana wabunge wengi wa kuwasemea. Mtu akiniambia kwamba raia wa Botswana wangefurahi kumchagua Rais wao wenyewe moja kwa moja, sitambishia. Nitamwambia tu aeleze na faida na hasara za kila njia.

Nchi hii haiko mbali nasi kama tunavyodhani. Seretse Khama alishirikiana na Julius Nyerere na Kenneth Kaunda katika nchi zilizosimama mstari wa mbele kupigania ukombozi wa kusini mwa Afrika. Jumuiya ya SADC, ambayo Tanzania ni mwanachama wake, ina makao makuu Gaborone, na tangu mwaka 2019 Kiswahili ni mojawapo ya lugha zake rasmi. Mmoja wetu aweza kwenda kufanya kazi huko. Ni aibu afike hapo akijibu kama nilivyojibu mimi.

Siku ile ya mdahalo hoja yetu ilipita kwa kura nyingi. Namwomba Mwenyekiti wa chama, ikimpendeza, airudishe tena muhula ujao, nami niruhusiwe kuketi upande wa pili.

Maswali ya kujipima

1. Eleza kwa maneno yako jinsi kura moja ya mpiga kura wa Botswana inavyofanya kazi mbili.
2. Kwa nini chifu hana budi kuacha uchifu kabla ya kugombea ubunge kwa chama? Toa mfano.
3. Sheria ya madini ya mwaka 1967 ilisaidia namna gani kuunganisha makabila?
4. Linganisha matokeo ya mwaka 2014 na ya mwaka 2024. Ni nani alifaidika na utaratibu wa viti kila mara, na kwa nini?
5. Shauri la Unity Dow na lile la Wasan yote mawili yalishinda mahakamani. Je, matokeo yake yalikuwa sawa? Eleza.